Nusu ya Pili ya Habari

Kilichoninyima usingizi ni umeme uliokataa kukatika.

Najua sentensi hiyo itamchekesha mtu yeyote aliyekulia Kisangani. Hapa kwetu watu hukosa usingizi kwa sababu feni imezimika, au samaki wa mgahawa wataoza, au simu imekufa na shemeji alisema atapiga. Mimi nililala chini ya feni iliyozunguka vizuri kabisa, nikawa naiuliza dari: kama umeme hautakatika tena, nani atatoka nje kumalizia habari? Kama hakuna anayetoka, nani atatuuliza kama tuliona? Na kama hatuulizwi, tutaendelea kwenda kuona mpaka lini? Mwishowe nilikuwa najiuliza kama hata ile feni ninaistahili. Ndivyo kichwa changu kinavyofanya kazi. Nimekizoea, na wenzangu walikizoea kabla yangu.

Ninyi stagiaires, waandishi wanagenzi, mliokuja baada ya paneli za jua kufungwa juu ya paa mliniuliza kwa nini kulikuwa na megafoni ya zamani kwenye msumari karibu na mlango wa studio, na kwa nini mfagiaji aliipangusa vumbi lakini hakuishusha. Naandika ili kujibu swali hilo. Nilipomwambia Tonton Bosco, fundi wetu wa mitambo, kwamba ninaandika kumbukumbu kwa kuwa ninastaafu kusoma habari, alinitazama juu ya miwani yake.

"Kustaafu gani, mademoiselle? Weye hata mvi moja hauna."

Kweli sina. Nimevuka thelathini juzi tu. Lakini nimestaafu kile kiti cha studio, na waliostaafu huruhusiwa kuandika mambo yao bila kukatizwa. Nimeichukua ruhusa hiyo mapema. Vyeo nitaviruka, kwa sababu vilikuwa vichache. Mishahara nitairuka kwa sababu hiyo hiyo.

Siku ya kwanza nilifika redioni, mtaa wa Makiso, mapema mno. Njiani nilikuwa nimejizoeza salamu kwa Kiswahili, kwa Lingala na kwa Kifaransa, nikiwa sijaamua ni ipi itanionyesha kuwa mtu makini. Mlinzi alifungua geti, akaniona nimesimama pale na mdomo wazi, akanipa ufagio. Nilifikiri: labda ndivyo wanavyoanza hapa. Labda ni mtihani. Nikafagia ua wote. Nilikuwa nimebakiza kona ya jenereta wakati mama mmoja alipoingia, mfupi, mtandio wa kijani kichwani, karanga za kuchoma mkononi zikiwa zimefungwa kwenye karatasi.

"Weye ni nani?"

"Mimi ni stagiaire mpya, Mama. Nimetoka chuo kikuu."

"Na sababu gani unafagia?"

"Mlinzi alinipa ufagio."

Alitafuna karanga moja polepole. "Na kama angekupa bunduki?"

Niliuficha ufagio nyuma yangu.

"Bon. Mutu akikupa kitu, unauliza sababu gani. Ile ndiyo kazi yetu, hakuna ingine. Maliza ile kona, kisha uingie."

Huyo alikuwa Mama Zaina, mkuu wa habari za Kiswahili. Alitoka katika zile familia za Kiislamu zilizokaa mji huu tangu enzi za misafara ya wafanyabiashara, na alizungumza na wakubwa kama mtu ambaye babu zake waliwaona wakubwa wengi wakifika na wengi wakiondoka. Ofisini kwake hapakuwa na mashine yoyote. Palikuwa na meza, kalamu nyekundu na neno moja, "Uliona?"

Neno hilo nililipata wiki ile ile. Ofisi moja ilituletea karatasi kwamba kituo cha afya kimefunguliwa mtaa wa Mangobo. Niliiandika upya kwa Kiswahili kizuri, hata mimi nilijipenda. Mama Zaina akasoma, akaweka kalamu chini.

"Uliona?"

"Hapana, Mama. Karatasi inasema."

"Karatasi iko na macho?"

Nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, nyuma ya kijana mmoja aitwaye Faustin ambaye alizungumza bila kupumua kuanzia posta mpaka Mangobo. Kituo kilikuwepo. Kilikuwa kimepakwa chokaa nyeupe na mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mama aliyeuza makaa kwenye ngazi alinieleza kwamba muuguzi yuko tayari, dawa zipo, ila ufunguo alibaki nao mtu aliyekuja kukata utepe. Jioni Mama Zaina akasoma hivi: kituo cha afya cha Mangobo ni cheupe na kizuri, na ufunguo wake unatafutwa. Kesho yake asubuhi ufunguo ulipatikana. Nilishangaa sana. Chuoni tulikuwa tumesoma nadharia nyingi kuhusu vyombo vya habari na mabadiliko ya jamii, lakini hakuna iliyotaja kufuli.

Sasa nifike kwenye megafoni.

Wakati ule redio yetu ilitumia umeme wa mji, na umeme wa mji ulikuwa na tabia zake. Tulikuwa pia na jenereta, groupe, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, ambayo Tonton Bosco aliibembeleza kama mgonjwa asiyetaka uji. Jioni nyingi umeme ulikatika katikati ya jurnali, ndivyo tunavyoiita taarifa ya habari, na groupe ikakataa kuwaka. Ng'ambo ya barabara ndipo wanapoegesha waendesha toleka. Walisikiliza jurnali kwenye redio ya betri iliyofungwa kwenye usukani wa Faustin. Jioni moja, kabla mimi sijaajiriwa, sauti ilikatika wakati Mama Zaina alipokuwa anataka kutaja nani ameshinda mechi. Wanaume wale wakavuka barabara na kugonga geti.

"Mama, malizia."

Alitoka na karatasi yake, akapanda juu ya tofali, akamalizia. Kesho yake umeme ukakatika tena, nao wakagonga tena, na safari hii haikuwa habari ya mpira. Baadaye mtu alituletea megafoni ya mgombea mmoja aliyeshindwa uchaguzi na hakuwa tena na la kuwaambia wananchi. Ikawa desturi: jurnali iliyoanza lazima imalizike, studio au barabarani.

Tofauti ya sehemu hizo mbili hamtaijua mpaka mjaribu. Studio hakuna anayekujibu. Unasoma, taa nyekundu inazima, unakunywa maji. Barabarani, kabla hujafika nukta, mtu ameshakuuliza. Waendesha toleka walikuwa wamelichukua neno la Mama Zaina. Ukisema soko limesafishwa, Faustin anapaza sauti, "Uliona?" Ukisema hapana, wote wanapiga kengele za baiskeli. Hakuna mhariri mkali kama kengele hizo. Waandishi wetu walianza kwenda kuona mambo mbali sana, hata kwenye mvua, kwa kuogopa tu kupigiwa kengele.

Mara yangu ya kwanza ilikuja kwa sababu Mama Zaina alipata mafua. Umeme ulikatika, akanikabidhi megafoni bila neno, sauti hakuwa nayo. Kutoka mlango wa studio mpaka barabarani niliwaza mambo yote: nikikohoa? nikikosea jina la mtu na yeye yupo? megafoni ikilia ule mlio wake na mtoto wa mtu akaanguka? Nikapanda juu ya tofali. Nikasoma sentensi ya kwanza vizuri sana, nikasoma ya pili.

"Mademoiselle," akasema Faustin kwa upole, "tunaona mudomo tu. Washa kwanza."

Tangu siku hiyo waliniita Mademoiselle Mudomo, na nina hakika wapo wasiojua kwamba nina jina lingine.

Basi shikeni haya, kwa sababu hayafundishwi. Megafoni isikae mbele ya mdomo kabisa, iwe pembeni kidogo, vinginevyo unameza maneno yako mwenyewe. Betri zilizochoka zianike juani mchana, zitakupa dakika chache za huruma. Andika kwa herufi kubwa, giza la Kisangani haliombi hodi. Na andika sentensi fupi. Mteja akitokea katikati ya sentensi yako, toleka inaondoka na nusu yake, na nusu hiyo itafika mtaa wa Kabondo ikiwa habari kamili.

Hilo la nusu nilidhani ni mzaha mpaka ilipokuja habari ya bac.

Bac ni kivuko chetu cha kwenda Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Kilikuwa kimekaa muda mrefu bila kutembea, kimefungwa kwenye gati ya Lubunga, na watu walivuka kwa pirogue, mitumbwi ya kasia, mizigo magotini, wakiomba Mungu pale mkondo unapokaza. Ndipo mkuu wa kivuko (nitamwita hivyo tu, bado tunasalimiana) alipoita waandishi na kutangaza kwamba Jumatatu bac itavuka. Mama Zaina hakuniuliza kitu. Alinitazama tu, nikaenda kuona. Nilishuka kwenye chumba cha injini. Palikuwa na mahali pa injini, bolti zake, mafuta meusi sakafuni, na katikati ya mahali pale kuku amelalia mayai.

Niliandika habari kama sote tulivyoandika wakati ule, na kama redio zote za mji zilivyoandika: kwanza maneno ya mkubwa na cheo chake chote, kisha "hata hivyo", kisha tulichoona. Huo ulikuwa utaratibu. Hakuna aliyeuandika popote, lakini ungeugeuza ungeonekana umekosa adabu.

Jioni Mama Zaina akasoma: "Mkuu wa kivuko ametangaza kwamba Jumatatu asubuhi bac itavuka kati ya Lubunga na mji."

Umeme ukakatika.

Tulitoka, akamalizia juu ya tofali: "Hata hivyo, mwandishi wetu hakukuta injini. Alikuta kuku." Waendesha toleka walicheka mpaka baiskeli moja ikaanguka. Tukarudi ndani tumeridhika, jurnali imemalizika kama desturi. Hakuna aliyefikiria kwamba Lubunga walikuwa wamesikia nusu ya kwanza, na kwamba hakuna megafoni inayovuka mto ule.

Jumatatu asubuhi Faustin alikuja kunigongea. "Mademoiselle Mudomo, Lubunga nzima iko kwenye gati. Wanangoja bac yako." Tulivuka kwa pirogue, yeye na baiskeli yake, kwa sababu alisema hawezi kukosa kumwona huyo kuku. Tangu katikati ya mto niliwaona: watu, magunia ya mihogo, mbuzi, mikungu ya makemba, ndizi za kupika, imepangwa kama ukuta. Juu ya ukuta huo alikaa Mama Alphonsine, muuza makemba ambaye sauti yake ilifika kwetu kabla ya pirogue kugusa mchanga.

"Alors, mademoiselle wa redio, ile bac yenu inaamka saa ngapi?"

Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu. Faustin alinitangulia.

"Mama, nyinyi mulisikia nusu ya kwanza. Nusu ya pili iko na kuku."

"Kuku gani?"

"Muende muone."

Wakaenda. Walishuka kwenye chumba cha injini kwa zamu, wanatoka wanashika mbavu. Kuku hakusogea. Waliosikia redio walibishana na Faustin aliyesikia megafoni, kila mmoja akiapa kwamba jurnali yake ndiyo ya kweli, na wote walisema kweli. Nilikuwa nimeogopa hasira za watu waliobeba mikungu tangu alfajiri. Nikakuta watu wanaochangamka kama sikukuu, ila ni sikukuu iliyokuwa inamngoja mtu.

Mtu huyo, mkuu wa kivuko, alifika kwa mtumbwi wa injini, suti ya kahawia, simu mbili. Akapanda juu ya kiguzo cha gati.

"Wapendwa, redio imewadanganya."

"Hapana, papa," akasema Mama Alphonsine bila kushuka kwenye makemba yake. "Redio ilisema maneno yako. Tulisikia jina lako na kazi yako. Ilikatika kabla haijaongeza yake. Donc, uongo iko upande gani?"

Mkuu alitia simu zote mbili mfukoni. Kisha akasema ukweli, na nadhani hata yeye alishangaa: injini mpya ilikuwa inapanda mto kwa boti kutoka chini, boti ilikuwa imekwama kwenye mchanga, yeye aliambiwa itafika na akatangaza kabla ya kuiona.

"Na kuku?" mtu akauliza.

"Kuku si ya serikali."

"Basi ni yeye peke yake anafanya kazi hapa," akasema Mama Alphonsine.

Hata mkuu alicheka. Alipomaliza kucheka walimshika vizuri: aahidi kuja mwenyewe kuwaambia injini imefika wapi, si kwa karatasi. Akaahidi. Sijui angefanya nini kingine, ukuta wa makemba ulikuwa kati yake na mtumbwi wake.

Kesho yake kwenye kikao cha asubuhi Mama Zaina alichukua kalamu nyekundu na kugeuza utaratibu wa miaka yote. Tulichoona kitatangulia, maneno ya wakubwa yatafuata. Mkurugenzi wetu alishtuka.

"Mama Zaina, protokoli?"

"Mimi sichagui wakati wa umeme kukata," alisema. "Lakini ukitaka kukata, ukate maneno ya wakubwa."

Na ulikata. Jioni baada ya jioni, watu wa pande zote walisikia tulichoona, kisha kimya, na maneno ya wakubwa yakasomwa barabarani kwa waendesha toleka peke yao. Haikupita muda mkuu wa kivuko akaja getini, amenuna kidogo. "Jana hamukusoma maneno yangu."

"Tulisoma, papa," nikamwambia. "Hapo nje. Hukuwepo."

Jioni ile umeme ulipokatika alikuwepo. Alisimama kati ya baiskeli, mikono nyuma, akijisikiliza kwenye megafoni. Nilipofika nukta, Faustin akamgeukia. "Papa, injini iko wapi leo?" Akajibu. Siku iliyofuata akaja mkubwa wa barabara, baadaye wa masoko, kila mmoja akitaka kuhakikisha maneno yake hayapotei gizani, na kila mmoja akakutana na kengele. Kwa njia hiyo viongozi wa mji wakajifunza kujibu maswali wamesimama, bila meza mbele yao. Mkiulizwa chuoni uandishi ulibadilisha nini Kisangani, semeni hivyo.

Injini ilifika. Siku bac ilipovuka mara ya kwanza, kulikuwa na ngoma na kwaya mbili zilizoimba nyimbo mbili tofauti kwa wakati mmoja, na Mama Alphonsine alivuka ameketi juu ya makemba yake kama bibi harusi, kuku na vifaranga kwenye kikapu magotini. Nilisoma habari hiyo jioni. Nilianza na kuku, kwa kuwa nilimwona.

Miaka ikaenda. Mama Zaina alistaafu, akatundika megafoni kwenye msumari ili niifikie gizani, akanipa kiti chake. Kisha zikaja paneli. Ninyi hamkuiona siku hiyo: Tonton Bosco alivaa suti kupanda kwenye paa. Tulipowasha, tukacheza wote uani, mimi pia, na jurnali ya jioni ilisomwa mwanzo mpaka mwisho bila kukatika. Ilikuwa safi. Ilisikika mpaka Lubunga, yote, nusu zote mbili.

Wakubwa wakaacha kuja barabarani. Walikaribishwa studio, wakapewa kiti na soda baridi, wakatoka kwa mlango wa nyuma penye gari. Hakuna aliyeamua kurudisha utaratibu wa zamani, ila ni vigumu kumweka mwisho mtu aliyekaa mbele yako anakunywa soda yako. Habari ya barabara ya Mangobo ilianza na mkubwa na kumalizika na tulichoona. Nyingine iliyofuata ilianza na mkubwa na kumalizika na mkubwa, kwa sababu siku hiyo hakuna aliyekwenda. Wala hakuna kengele iliyolia.

"Siku hizi jurnali yenu iko muzuri sana," Faustin aliniambia siku moja nikipanda toleka yake. "Haina hata nafasi ya kuuliza."

Nilimwomba mkurugenzi turudi tofalini angalau mara moja kwa wiki. Alinijibu bila ubaya, "Umeme upo. Tutoke nje kufanya nini?" Ni swali la mtu mwenye akili timamu, na kwa sababu hiyo lilinitesa. Asubuhi moja nilijikuta nimesimama mbele ya swichi kubwa, kidole hewani. Nyuma yangu Tonton Bosco akakohoa.

"Usiguse, mutoto yangu. Ile umeme nimeingoja kuliko nilivyongoja bibi wa kuoa."

Nikaenda kwa Mama Zaina, nyuma ya soko. Alikuwa anakaanga mikate, redio yetu ikiwa juu ya meza. Nilimweleza yote, mbele na nyuma, hata wazo la kuacha kiti cha studio, na mashaka ya kila upande. Nilitarajia neno litakaloniongoza maisha yangu yote. Aligeuza mikate.

"Unaniuliza ama unaniambia?"

"Nakuuliza, Mama."

"Ukiniuliza, mimi nasema ubaki studio. Nazoea kusikia sauti yako nikipika." Akanipa mkate wa moto. "Donc usiniulize."

Nilirudi kwa miguu mpaka redioni nikiula ule mkate, na kwa mara ya kwanza sikuweza kupata upande wa tatu wa jambo hilo.

Nilimwambia mkurugenzi kwamba kiti cha studio nakiacha, akipe mmoja wenu. Jurnali ibaki pale, na umeme ubaki. Mimi nitachukua nakala ya habari zenu, nitavuka na bac kila jioni, nitazisoma kwenye gati ya Lubunga tulichoona kikiwa mbele, na maswali nitakayopigiwa nitayarudisha kwenu asubuhi, ili kikao kianze nayo. Alifikiri. Aliuliza kama redio italazimika kunipa megafoni mpya. Nikasema ile ya msumarini inatosha. Akakubali, kwa kuwa haikuwahi kuwa mali ya mtu, labda ya yule mgombea.

Tonton Bosco aliishusha yeye mwenyewe. Alikuwa amenunua betri zinazochajiwa, akazichaji kwenye paneli zake, akazitia ndani na kufunga kifuniko kwa utepe mweusi. "Hii ni umeme yangu," alisema. "Ikate uone."

Jana nilivuka. Faustin alikuja na baiskeli yake na wenzake wanne. Gatini Mama Alphonsine alikuwa amenitengea kreti tupu la bia, kwa sababu Lubunga hawakupata tofali zuri. Walikuwepo wauza mihogo, wavuvi, watu wa reli wanaotoka kazini. Niliwaza: nikikohoa? wasipokuja kesho? kama mkurugenzi ndiye aliyekuwa sahihi? Karatasi ya kwanza mkononi ilihusu pampu ya maji ya mtaa wao. Ofisi ilisema imetengenezwa. Asubuhi nilikuwa nimekwenda.

Nikapanda juu ya kreti, nikafungua mdomo.

"Washa kwanza," wakasema waendesha toleka wote kwa pamoja.

Nikawasha. Nikaiweka megafoni pembeni kidogo ya mdomo, nikaanza.

"Leo asubuhi nilivuta mpini wa pampu, na maji yalitoka."

"Uliona?" Mama Alphonsine akauliza kutoka nyuma, mikono kiunoni.

"Niliona, Mama. Na nilikunywa."

Kengele hazikulia. Nikageuza karatasi, nikasoma ofisi ilisema nini.